Kutoa Damu kwa Kiswahili: Shajara ya Karatasi ya Ukutani, Kisumu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeanza leo. Ninataka kuandika karatasi moja ya ukutani pamoja na kijitabu cha kurasa chache, vyote kwa Kiswahili, kwa ajili ya chumba chetu cha kutolea damu hapa Kisumu. Karatasi ni ya wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi. Kijitabu ni cha wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Nimetoa watu damu kwa miaka 11, na kila mwaka naona jambo lile lile likirudi.

Wiki iliyopita lilirudi tena. Mwanafunzi mmoja mwenye mkono mwepesi sana alimfunga mama mpira, akapapasa kunjo la kiwiko, akapata mahali. Mama akamwuliza, "Mwanangu, kwani unatafuta nini hapo?" Kijana alilijua jibu kwa Kiingereza cha darasani. Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapa, hana, kwao ni Kitui. Akatabasamu tu. Mama akavuta mkono, akafungua mpira mwenyewe, akaenda zake. Daktari aliyeagiza kipimo alikaa mpaka jioni bila majibu.

Kwenye benchi letu hukaa watu wa Nyalenda na Kondele, lakini pia wa Vihiga, Kakamega, Busia na Kisii, Wanubi wa Kibos, Waislamu wa Kaloleni. Lugha inayowafikia wote ni Kiswahili, na Kiswahili hicho lazima kiwe kile wanachokisema wao. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja: hakuna neno litakaloingia kwenye karatasi kabla sijalitamka mbele ya mgonjwa na kuona uso wake.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeanza na mlango. Juu yake kuna kibao cha zamani kilichoandikwa KUPIMA DAMU. Saa ya mapumziko niliketi benchini nikawauliza watu kibao hicho kinawaambia nini. Karibu kila mmoja aliteremsha sauti. Huku kwetu "kupimwa damu", bila neno jingine, ni kupimwa virusi vya UKIMWI. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya sukari aliniambia amezunguka jengo mara mbili kabla ya kuingia, akiogopa kuonekana na jirani.

Jambo hili limeniuma. Kupima virusi kuna utaratibu wake: sheria ya mwaka 2006 inataka mtu aelezwe na akubali kwanza. Mtu anayeamini kwamba kila tyubu inapelekwa kupimwa virusi bila yeye kuulizwa, ana haki ya kutuogopa. Kibao kitabadilishwa. Nimependekeza CHUMBA CHA KUTOLEA SAMPULI ZA DAMU. Ni kirefu, lakini hakimfichi mtu wala kumfichua.

Kisha vitenzi. Mwanafunzi alimwambia mgonjwa, "Njoo utoe damu," naye akajibu kwamba amedhoofika, hawezi kuchangia leo, labda mwezi ujao. Alikuwa sahihi. Anayetoa damu ni mchangiaji: mwenye umri wa miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, anayejaza mfuko wa mililita 450 kwa hiari yake. Mgonjwa hatoi, *hutolewa*. Anayepungukiwa *huongezewa*. Kiswahili kimeshatupangia kazi hizi tatu kwa vitenzi vyake, nasi tunazichanganya kwa haraka.

Mwenzangu wa zamu alipendekeza "kuchukua damu". Nimelikataa. Wazee wa ukanda huu wamelelewa na hadithi za kachinja, yule ambaye pwani wanamwita mumiani, mtu anayewinda watu usiku awachukue damu akauze. Usimwambie dani, yaani nyanya kwa Dholuo, wa miaka themanini kwamba umekuja kuchukua damu yake.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimekwama kwenye neno moja siku nzima: mshipa.

Asubuhi nilimwambia mzee, "Natafuta mshipa, nitaudunga kidogo tu." Akashika kinena. Kwake mshipa ni ngiri, ugonjwa uliomsumbua kaka yake hadi akapasuliwa. Mchana mwalimu wa shule ya msingi akaniuliza kama nikidunga mshipa mkono utakufa ganzi. Huyo alikuwa na mshipa wa fahamu akilini. Jioni kijana wa bodaboda akasema mshipa wake wa shingo unauma tangu juzi, naye alikuwa anazungumzia msuli. Neno moja, maana nne. Na sisi tunalitamka huku tumeshika sindano.

Nimeamua hivi. Kwa mgonjwa: usiseme "mshipa" peke yake hata mara moja. Sema "mshipa wa damu", kisha mguse hapo hapo aone unazungumzia nini. Kwa mwanafunzi: vena, ateri, neva. Yanafundishwa, yanatamkika, na hayachanganyiki.

Tofauti ya vena na ateri nimeieleza kwa safari. Ateri ni njia ya kwenda, hupeleka damu kutoka moyoni kwa msukumo, ndiyo maana ukiweka kidole inadunda. Vena ni njia ya kurudi. Haidundi, ukiibonyeza inabonyea na kurudi kama mpira laini. Tunatoa damu kwenye njia ya kurudi kwa sababu iko karibu na ngozi, ukuta wake ni mwembamba, na msukumo wake ni mdogo, hivyo ukibana kidogo inaziba. Ukiona damu nyekundu ya kung'aa inaingia kwa kupigapiga, umegusa ateri: fungua mpira, toa sindano, bana kwa nguvu si chini ya dakika tano, na uite mkubwa wako.

Kwenye kunjo la kiwiko kuna vena tatu ambazo mwanafunzi lazima azijue kama njia za kwao. Ya katikati, kubitali, ndiyo ya kwanza kutafuta, imeshikwa vizuri na haikimbii. Sefaliki iko upande wa kidole gumba, na ni msaada mkubwa kwa watu wanene. Basiliki iko upande wa kidole cha mwisho. Hiyo huonekana kubwa na kuvutia, na wanafunzi huikimbilia. Ninawaomba wasiikimbilie. Chini yake hupita ateri kubwa ya mkono na neva ya kati, na basiliki yenyewe hubiringika. Iwe ya mwisho kila mara. Mgonjwa akisema amehisi kama umeme umeshuka mpaka vidoleni, hapo umegusa neva. Usigeuze sindano, usitafute zaidi. Toa.

Wagonjwa wenyewe wana maneno mazuri ambayo sikuyapata kwenye kitabu chochote: mshipa umejificha, umekimbia, umelala, umepasuka. "Umelala" nimelichukua kama lilivyo. Linamaanisha vena ya mtu asiyekunywa maji ya kutosha, iliyonywea haijai. Mwambie anywe maji, akae dakika kumi na tano. Mara nyingi inaamka.

Ijumaa, 14 Februari

Kifupi leo, foleni ilikuwa ndefu. Vifaa:

Mpira wa kufungia mkono unabaki "mpira". Kila mtu anaujua. Mahali pake ni upana wa vidole vinne au vitano juu ya pale utakapodunga, na muda wake ni dakika moja. Ukizidi, maji ya damu yanavuja nje ya vena, chembe na protini zinabaki zimesongamana, na majibu yanatoka yamepanda bila mgonjwa kuwa na kosa lolote.

Sindano: kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo inavyokuwa nyembamba. Geji 21 ndiyo ya kila siku, 23 ni ya vena ndogo, na ya mfuko wa kuchangia ni 16. Mwambie mgonjwa mwoga namba hizo, ataona yake ni nyembamba. Ncha imekatwa mshazari, na wanafunzi huiita mdomo. Mdomo uangalie juu, sindano iingie kwa mlalo, nyuzi 30 au chini.

Ngumi: "Kunja ngumi" mara moja, basi. Nimefuta ile ya "funga-fungua, funga-fungua" ambayo nilifundishwa mimi mwenyewe. Misuli ikifanya kazi hivyo, potasiamu, moja ya chumvi za damu, hupanda ndani ya sampuli.

Alhamisi, 20 Februari

Rangi za vifuniko vya tyubu. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu huumizwa bila damu kumwagika.

Miaka yangu ya mwanzo, katika kituo nilichofanya kazi kabla ya hiki, yalikuja majibu ya mwanamume mmoja: potasiamu 11, kalsiamu karibu haipo. Potasiamu ya kawaida huwa kati ya 3.5 na 5. Mtu mwenye 11 moyo wake ungekuwa umesimama, na huyu alikuwa nje anakula mahindi ya kuchoma. Tukatoa damu upya, kila kitu kikawa sawa. Aliyemtoa mara ya kwanza aliona tyubu nyekundu haijajaa, akaifungua ile ya zambarau na kumimina kidogo ili ijae. Ndani ya tyubu ya zambarau mna EDTA, chumvi yenye potasiamu inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Alichomimina haikuwa damu peke yake. Mgonjwa huyo angekuwa amelala wodini bila nguvu ya kujieleza, angetibiwa ugonjwa wa potasiamu ambao hana.

Ndiyo maana tyubu hujazwa kwa mpangilio: kwanza chupa za kalcha, zinazotafuta bakteria na zinazohitaji sindano safi kabisa, kisha samawati yenye sitreti (ya vipimo vya kuganda), nyekundu au ya dhahabu yenye jeli (kwa seramu), kijani yenye heparini, zambarau yenye EDTA (ya hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, na grupu ya damu), mwisho kijivu yenye floraidi (ya sukari). Hivyo kilichomo kwenye tyubu iliyotangulia kikivuka na sindano, hakiharibu inayofuata.

Wanafunzi hukariri mpangilio huu kwa sentensi za Kiingereza ambazo nusu yao wanazisahau. Nimekaa na daftari usiku mzima nikitafuta sentensi yetu. Nimepata hii:

*Kuku Sita Nimewapa Kaka Zangu Kisumu.*

Kalcha, samawati, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Nilipoisoma asubuhi, msichana mmoja kutoka Siaya alinyosha mkono: "Mwalimu, K ni tatu. Nitajuaje ipi ni ipi?" Swali la haki. Kalcha ni chupa kubwa, haifanani na tyubu, hiyo haisumbui. Lakini kijani na kijivu? Akajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Jani kwanza, jivu mwisho." Jani huota, hukauka, huchomwa, linakuwa jivu. Rangi zote mbili zimepewa majina na vitu vyenyewe, na maisha ya jani ndiyo mpangilio wa tyubu. Nimeliandika kwa herufi kubwa, na pembeni nitaeleza kwamba limetoka kwa mwanafunzi.

Zambarau ilileta shida ndogo. Vijana huita "papo", na wazee wakisikia zambarau hufikiria lile tunda linalopaka ulimi rangi, ambalo wengi huku huliita jamna. Nimeacha zambarau. Aliyekula tunda hilo hatasahau rangi yake.

Tofauti ya seramu na plazima nimeipata jikoni. Maziwa yakiganda yakawa mala, maji hujitenga juu. Damu ya tyubu nyekundu ikiachwa kama nusu saa inaganda vivyo hivyo, na yale maji ya manjano yanayobaki ni seramu. Kwenye tyubu yenye dawa ya kuzuia kuganda, maji hayo hayakupitia mgando, bado yana vitu vya kugandisha ndani yake, na hayo ndiyo plazima. Tyubu ya namna hiyo ipinduliwe polepole, ya zambarau mara nane hadi kumi. Isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ukitikisa, chembe nyekundu zinapasuka, maji yanakuwa mekundu, potasiamu iliyokuwa ndani ya chembe inamwagika nje, na mgonjwa anaitwa kudungwa tena.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia siku chache zilizopita, na neno "kufunga" limenionyesha sura yake nyingine.

Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika: *Kwa kipimo cha sukari ya asubuhi, njoo ukiwa umefunga.* Mama mmoja wa Kaloleni alikuja saa tisa alasiri. Amefunga, kweli, tangu alfajiri, na daku amekula saa kumi na moja kasoro. Kwa saa alikuwa ametimiza, maana tunataka saa nane bila kula, na kwa kipimo cha mafuta ya damu wengi huagizwa wakae saa kumi na mbili bila kula. Lakini kwa ukame wa mwili alikuwa amechoka, vena zote zimelala, na maji siwezi kumpa. Nikamwuliza kama kutolewa damu kunamharibia swaumu. Akasema amemwuliza sheikh wake kabla ya kutoka nyumbani, na ameruhusiwa. Nikampasha mkono joto kwa kitambaa cha maji moto, nikatumia geji 23, tukapata.

Tukakubaliana kwamba anayefunga aje mara tu zinapotimia saa nane tangu daku, asingoje alasiri, au kipimo kisubiri kama daktari anaruhusu. Upande mwingine, Mkristo mmoja aliyeambiwa "uje umefunga" alikuja akiwa hajanywa hata maji tangu jana jioni, kwa sababu mfungo wa kanisani kwao ndivyo ulivyo. Maji matupu yanaruhusiwa, tena yanasaidia.

Sentensi mpya: *Usile chochote kwa saa 8 kabla ya kipimo. Chai usinywe, hata ya rangi. Maji matupu kunywa.* Chai nimeitaja kwa jina makusudi. Kwa watu wengi hapa chai si chakula, kwa hiyo "usile" haiigusi.

Jumatatu, 10 Machi

Majina. Leo asubuhi benchini walikaa akina Atieno watatu. Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku, Akinyi ni wa asubuhi, Otieno ni mvulana wa usiku, na watoto huzaliwa usiku kila siku. Ukiita "Atieno!" wanasimama watatu. Ukiuliza "Wewe ni Atieno wa sukari?" mmoja atasema ndiyo kwa heshima tu, hata kama ni wa malaria.

Kijitabuni: usimwulize mtu jina kwa kulitaja. Mwulize, "Jina lako kamili nani, Mama?" na "Ulizaliwa lini?" Jina litoke kinywani mwake, wewe ulilinganishe na karatasi. Lebo iandikwe baada ya damu kuingia, mbele yake, kabla hajanyanyuka. Tyubu zilizopigwa lebo asubuhi na kupangwa kwenye rafu zikisubiri wenyewe ni hatari kubwa kuliko sindano yoyote. Mtu akiwekewa grupu ya damu ya mwingine, damu atakayoongezewa inaweza kumwua.

Jumanne, 18 Machi

Kuna msichana wa miaka kumi na miwili anayekuja kwetu tangu akiwa mdogo sana. Ana selimundu. Neno hili wenzetu wa Tanzania wanalitumia sana, na huku kwetu halijazoeleka, watu husema jina la Kiingereza, sickle cell. Nilimweleza kwamba chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na ndiyo maumivu. Akasema, "Kama mundu wa kukatia nyasi za ng'ombe?" Ndiyo. Akalirudia polepole: selimundu. Akasema hilo linaeleweka.

Ukanda huu wa ziwa una watoto wengi wa namna yake. Malaria ndiyo sababu. Mtoto aliyerithi jeni moja tu la selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kwa hiyo jeni hilo limedumu vizazi na vizazi mahali penye mbu. Aliyerithi mawili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye anayeubeba ugonjwa.

Mtoto huyu ananifundisha kazi. Anajua mikono yake kuliko mimi. "Wa kushoto umechoka, tumia wa kulia, lakini upashe joto kwanza. Na usiniambie haitauma." Tangu siku aliyoniambia hivyo, miaka mitatu iliyopita, sijamwambia mtoto yeyote kwamba haitauma. Humwambia, "Itauma kidogo kama kuumwa na siafu, nitahesabu mpaka tatu, kisha imekwisha," halafu nahakikisha imekwisha.

Leo nilimwomba asome karatasi yote. Alikata mstari mmoja tu. Nilikuwa nimeandika "tunahitaji damu kidogo". Akasema kila mtu husema kidogo, lakini hakuna anayesema ni kiasi gani. Ana haki. Nimeandika upya: *Tyubu moja ina mililita 4, haijazi kijiko cha chai. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5, sawa na jerikeni ndogo ya mafuta ya kupikia.* Na kwa wachangiaji: mililita 450 ni pungufu ya pakiti moja ya maziwa ya nusu lita.

Mchana nilimsomea dani mmoja mstari huo, mmoja wa wale wanaosema "remo mang'eny", yaani damu nyingi, kila wakiona tyubu ya pili. Akaomba kijiko akione. Nikaenda kantini nikamletea.

Alhamisi, 27 Machi

Ukurasa wa kisigino. Sista wa kliniki ya watoto alinikalisha, akanionyesha rasimu yangu ina kasoro gani. Niliandika "dunga kisigino". Kisigino ni kipana, alisema, na mwanafunzi atadunga katikati. Iandikwe *pembeni mwa kisigino, upande wa ndani au wa nje, kamwe si katikati wala nyuma*, kwa sababu mfupa uko karibu na sindano inaweza kuugusa.

Akina mama wanaoletwa hapa na watoto wa wiki sita kwa kipimo cha mapema cha virusi huwa wamebeba mzigo mkubwa kuliko mtoto wenyewe. Sista ana namna yake. Anamwambia mama amshike mtoto amnyonyeshe, anaupasha mguu joto, anafuta tone la kwanza, kisha anaacha tone kubwa lianguke lenyewe katikati ya duara kwenye karatasi maalumu. Tone moja kwa duara moja. Ukiongeza dogo juu ya jingine, damu inajipanga kwa matabaka na maabara haiwezi kuisoma. Karatasi hukaushwa kivulini, mbali na jua na vumbi, hailazwi juu ya nyingine, ndipo hufungwa na vipakiti vya kunyonya unyevu. Tunaziita "karatasi za damu kavu". Mama mmoja aliniuliza kama damu ikikauka si imekufa. Nilimjibu kwamba tunachotafuta, chembechembe za urithi za virusi, hubaki hata damu ikikauka, ndiyo maana karatasi inaweza kusafiri kwa bahasha kutoka zahanati ya kijijini bila barafu.

Nimeongeza pia ukurasa wa kujidunga, kwa ombi la wanafunzi. Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Inaingia kwenye sanduku la usalama, na sanduku likifika robo tatu linafungwa. Ukijidunga: osha kwa maji na sabuni, usikamue, sema saa hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya virusi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Msichana aliyejidunga mwaka jana alinyamaza siku nzima kwa aibu. Ninataka ukurasa huu uwe wa kwanza kufunguka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa imeshika, benchi limejaa watoto wenye homa. Slaidi nene na nyembamba za malaria, vile vioo vya kutandazia tone la damu, zimetula muda. Nimepata nusu saa tu, lakini imekuwa nusu saa nzuri.

Bibi mmoja aliyelelewa Mombasa, sasa anaishi na binti yake Kaloleni, aliona karatasi ya majaribio, akaniuliza kama bado tunaumika. Kuumika, kupiga chuku, kile kipembe kinachofyonza damu mahali palipochanjwa. Babake alikuwa akiumikwa mgongoni kila mwaka kutolewa damu chafu. Nilimwambia kwamba jina la kazi yetu katika lugha za Ulaya limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kukata vena. Kwa karne nyingi waganga wa huko walikuwa wakiwatoa watu damu kwa wingi kwa imani ile ile. Leo bado kuna magonjwa machache ambayo tiba yake ni kutolewa damu: mtu aliyejaa madini ya chuma kupita kiasi, au anayetengeneza chembe nyekundu nyingi mno. Wengine wote tunawatoa kidogo ili tusome, si ili tusafishe.

Yeye ndiye aliyenipa neno nililolitafuta miezi miwili. Nilimwuliza ngozi ikigeuka bluu-nyeusi baada ya sindano wanaiitaje. "Damu imevilia," akasema, bila kufikiri. Kuvilia. Nilikuwa nimeandika "uvimbe wa damu chini ya ngozi", maneno sita ya kutisha. Sasa ni hivi: *Bana pamba kwa dakika tatu mpaka tano, mkono ukiwa umenyooka. Ukiukunja, damu inaweza kuvilia.* Watu wote huku hukunja mkono. Hata wauguzi.

Jumanne, 15 Aprili

Karatasi imebandikwa. Kibao cha mlangoni kimebadilishwa jana na fundi wa hospitali. Alinisomea herufi moja moja kabla ya kugonga msumari.

Asubuhi, mwanafunzi wa Kitui alikuwa zamu. Mzee aliketi, akaangalia karatasi, akaangalia mkono wake, akauliza swali lile lile la yule mama: unatafuta nini hapo? Kijana akamshika mkono akamwekea kidole juu ya kubitali. "Huu hapa, Mzee. Mshipa wa damu wa kurudi moyoni. Bonyeza uone." Mzee akabonyeza. Akabonyeza tena. "Haudundi," akasema. "Haudundi, Mzee. Unaodunda uko chini zaidi, huo hatuugusi." Mzee akanyosha mkono juu ya meza.

Zilizobaki: ukurasa wa kuzirai haujakamilika, bado nataka maneno ya mtu aliyezirai mwenyewe. Nakala kumi za kijitabu zitaenda kwa Sista. Mstari wa potasiamu nitauandika tena, wanafunzi wawili wameusoma vibaya.